Siku Papa Alipomwinamia Mjapani

Kwenye uwanja wa besiboli tulikuwa wanne: Papa, Mama, mdogo wangu Riziki na mimi. Tiketi Papa alipewa na msimamizi wake wa kiwandani, mjini Fridley, ughaibuni.

Juzi nilimwona kwenye simu yule mchezaji Mjapani tuliyemtazama siku ile, sasa ni kocha kwao, akiwafundisha vijana kudaka mipira ya chini. Nikasikia tena harufu ya vitunguu vya kukaanga ya pale uwanjani.

Mchana ule mpira ulimponyoka, watu wakamzomea. Akavua kofia, akainama. Leo najua alikuwa anaomba radhi. Sisi tulidhani anasalimia. Papa akasimama peke yake, akavua kofia, akainama vilevile.

"Papa, keti! Wanatucheka," nikamwambia.

"Wacheke. Mtu ametusalimu, nisimwitikie?"

Mwanamume wa nyuma yetu akaniuliza kama yule ni baba yangu. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba simjui. Niliamini Papa haelewi. Akaketi polepole, akavaa kofia, akaishusha hadi machoni.

Alikufa kabla theluji ya majira ya baridi yaliyofuata haijayeyuka, Mama akamfuata. Niliacha shule nikamlea Riziki, na Riziki amehitimu. Papa bado sijamwomba msamaha.