Siku Mama Alipokubali Kuongozwa na Atupele

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, gari la Mzee Salehe lilipoingia uani kwetu Masukulu likamkuta mama yangu akipunguza majani ya migomba. Mama alikuwa hajamaliza mwaka tangu astaafu. Alikuwa muuguzi mkunga wa serikali, tena mkuu wa wodi ya wazazi, na alikuwa amefanya kazi hiyo hadi akaanza kuwazalisha mabinti aliowapokea mwenyewe walipozaliwa. Ukitembea naye sokoni hufiki haraka, maana kila hatua kuna mtu wa kumsimamisha na kumwamkia.

Mzee Salehe alikuwa mfanyabiashara wa Tukuyu mjini. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa huku na alizungumza Kinyakyusa kutuzidi sisi watoto wa shule. Miaka ile serikali ilikuwa imeanza kuwaruhusu watu binafsi kufungua huduma ambazo zamani zilikuwa zake peke yake, na yeye alikuwa amejenga zahanati. Alikaa, akanywa chai, akaeleza shida yake kwa adabu. Wanawake wa mjini walikuwa wakiuliza mama yuko wapi. Alimwomba arudi kazini, awe mkuu wa chumba cha wazazi.

 Mama alishukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga fijo," akaomba apewe muda.

Basi sisi watoto ndio tukaanza kumwamulia. Kaka yangu Ambakisye, aliyekuwa na kazi nzuri Mbeya, alikuja na sura ya kikao. Alisema mama asiende. Watu wangesema watoto wameshindwa kumtunza mzazi wao mpaka amerudi kutafuta mshahara na magoti yake yanamuuma. Mimi nilikuwa mwalimu mpya, msichana mwenye maneno mengi, nikasema aende, kwa sababu nilipenda kumwona tena akiwa amevaa sare nyeupe na watu wakimpisha. Tulibishana mbele yake huku yeye akimenya ndizi za mchana. Ukinitazama leo, mwanangu, utaona nacheka, maana hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza yeye anataka nini.

Siku ya Jumamosi aliniambia nimsindikize mjini akaione hiyo zahanati kwa macho yake.

Tulipofika tulipokewa na Atupele, muuguzi kijana ambaye mama alimfundisha kazi tangu alipotoka chuoni. Atupele alikuwa akiushikilia ukunga wote wa pale peke yake. Hatukuwahi hata kukaa. Aliletwa binti mmoja kutoka Kisiba, uzazi wake wa kwanza, analia kwa hofu, mama mkwe wake nyuma yake anamwomba Mungu. Walimwingiza chumbani. Mama akaomba ruhusa aingie, mimi nikabaki mlangoni na mkoba wake.

Baada ya muda mtoto alizaliwa, lakini hakulia. Nilimwona mama amesimama karibu na ukuta, mkono wake umeinuka wenyewe kuelekea kitandani, kisha akaurudisha na kuushika kwa mkono wa pili. Atupele hakugeuka kutafuta msaada. Alimfuta mtoto, akamsafisha njia ya hewa, akamsugua mgongo, akampulizia pumzi, taratibu.  Halafu kale katoto kakalia.

Atupele alipopata nafasi alimtazama mama kama mwanafunzi anayesubiri daftari lisahihishwe. "Mama, kuna mahali nimekosea?"

"Hapana," mama alisema. "Hukukosea popote."

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilidhani amehuzunika.

Nje palikuwa na mjamzito mwingine anangoja, kwa hiyo Atupele ilibidi atoke. Yule binti wa Kisiba akabaki anatetemeka, anamwogopa hata mtoto wake. Mama akavuta kiti. Alimfuta uso, akamsemesha Kinyakyusa polepole, akamwonyesha namna ya kumshika mtoto na kumnyonyesha. Alikaa naye mpaka kutetemeka kukaisha na binti akaanza kumtazama mtoto na kutabasamu.

Alipotoka alimfuata Mzee Salehe, akampa jibu lake. Angekuja mara chache kwa wiki, mchana tu, akae na wazazi wa mara ya kwanza na kuwaelekeza wauguzi wapya. Ukuu wa chumba abaki nao Atupele, na yeye mama angekuwa chini yake. Mzee Salehe alishangaa, lakini alikuwa mtu wa busara. Alikubali.

Mimi sikukubali. Tukiwa njiani kurudi nilimwambia, "Mama, utaongozwaje na binti uliyemfundisha mwenyewe? Watu watakuonaje?"

Alisimama pale pale barabarani, mashamba ya chai huku na huku. "Nilimfundisha ili awe mkubwa," alisema. "Leo amekuwa mkubwa, nimeona kwa macho yangu. Sasa unataka nimwonee wivu? Ile ndiyo kazi yangu, binti yangu. Ile uliyoiona Atupele akiifanya mle ndani."

Niliuhamishia mkoba wake bega la pili, tukaendelea kutembea.

Alifanya kazi ile miaka kadhaa. Wanawake walitoka hadi Kinyala kuja kujifungulia pale, wakijua watashikwa na mikono ya Atupele na kutulizwa na mama yangu. Ambakisye naye aliacha kupinga siku alipopanda gari moja na mzee asiyemjua, akamsikia akiwasimulia abiria wenzake jinsi mama mmoja wa Masukulu alivyomtuliza binti yake. Aliteremka kifua mbele, akaja kutusimulia kana kwamba wazo la mama kurudi kazini lilikuwa lake.

Na siku mwili ulipokataa, mama aliacha mwenyewe. Hakusubiri kuambiwa. Alirudi kwenye migomba yake, na Atupele alikuwa akimletea wauguzi wapya wamsalimie.

Kwa hiyo, mwanangu, mzazi wako akiitwa tena kazini baada ya kustaafu, usimfungie mlango kwa kuogopa watu, wala usimsukume kwa sababu unaipenda heshima yake. Muulize anataka nini, kisha ukae kimya umsikilize. Na ikifika zamu yako ya kuitwa, nenda kwanza ukatazame. Ukiona uliowafundisha wanaweza, furahi, maana huo ni ushindi wako. Ukiona bado kuna jambo linalohitaji mikono yako, lifanye kwa kadiri ya nguvu zako, na usidai kiti cha mbele.

Mungu akupe kazi ya kujivunia, akupe na wa kuipokea mikononi mwako, nawe uishi uwaone wakiifanya vizuri. Amina.