Mama wa vichwa aliyesafisha jina la mumewe

Saa mbili asubuhi sokoni Ekerenyo, Esnah Mokeira anakiegemeza kichwa cha mbuzi kwenye gogo. Anapiga shoka mara moja tu. Fuvu linafunguka, na ubongo uko mzima.

"Ukiupasua umeharibu supu," anasema huku akicheka.

Ni miaka kumi na minane sasa anauza supu ya vichwa, na mkono wake haukosei. Mkono huo ndio uliorudisha heshima ya mumewe na baba wa mtoto wao Ashley, Sylvanus Ogoti, shemasi wa kanisa lao la Sabato.

Miaka miwili iliyopita Ogoti alianguka kutoka kwa bodaboda, hana helmeti, akagonga kisogo. Kidonda kilipona. Miguu ilikataa. Akawa anatembea akiyumba, chai inamwagika mkononi, maneno yanavutika. Mtu ambaye hajaonja pombe maisha yake yote akaitwa mlevi, akavuliwa ushemasi.

Daktari mjini Kisii alimweleza Esnah kwamba ulioumia ni ubongo mdogo, ule wa nyuma unaoshika mizani ya mwili. Wazee wa kanisa waliisoma barua ya hospitali, wakairudisha bila kuiamini.

Basi Jumapili moja Esnah akaingia kikao cha wazee na beseni.

"Mama Ashley, leo umetuletea supu?" mzee Nyamongo akamtania.

"Supu mtanunua sokoni, mzee. Leo mtaangalia tu."

Akatoa kichwa cha kuku na cha mbuzi, akavifungua mezani.

"Ubongo mdogo wa kuku ni kipande kimoja hiki, katikati, kimejaa mikunjo. Ni kikubwa kwa kichwa chake, maana kuruka ni kazi, na kulala juu ya tawi bila kuanguka ni kazi. Mbuzi anacho cha katikati, tena ameongezewa viwili, kushoto na kulia. Mtu ni kama mbuzi, ila vya pembeni ni vikubwa zaidi. Hapa ndipo Baba Ashley aliumia. Haya, nionyesheni pombe iko wapi."

Nyamongo alijipapasa kisogo. Wazee wakamrudishia Ogoti ushemasi.

Sisi wenye watoto kwenye pikipiki tujipapase pia. Daktari alimwambia Esnah kwamba kilichokufa pale hakioti tena. Na helmeti inayoning'inia kwenye usukani haijamsaidia mtu.

Sabato ijayo Ogoti atapitisha mfuko wa sadaka tena, safu kwa safu. Shati lake jeupe limeshapigwa pasi.

"Akiyumba, ayumbe," Esnah anasema, akivuta kichwa kingine kwenye gogo. "Sasa wanajua ni kwa nini."