Altare Iliyopakwa Kiini cha Yai

Nilikuwa nimepaka rangi milango na makabati ya watu hapa Kasese kwa miaka kumi na moja kabla sijajua kwamba yai linaweza kuwa rangi. Aliyenifundisha ni mama mjane wa Butembo, aliyevuka mpaka na kupanga chumba Bwera. Alikuwa akichora maua kwenye visanduku vya mbao, na maua yale yalikuwa na mng'ao mtulivu ambao sikuwahi kuupata kwenye mkebe wowote.

Nilimwomba anionyeshe. Akapasua yai, akamwaga ute, kiini akakihamisha kiganja hiki hadi kile, akijifuta kila mara, mpaka kikakauka juu. Kisha akakishika kwa vidole viwili, akakitoboa, umanjano ukachuruzika bakulini na ngozi yake ikabaki mkononi. Akatia maji kidogo, tone la siki, na udongo mwekundu uliosagwa laini kama unga.

"Paka mustari mwembamba," akaniambia. "Inakauka mbio. Unarudilia juu, unarudilia tena."

Miaka miwili baadaye kanisa lake lilimwomba apambe ubao wa mbele ya altare. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapooza, akawaambia nitachora mimi. Mwenyekiti wa kamati, mkulima wa kahawa kutoka Kyondo, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Mayai ni chakula," alisema. "Kwa nini usinunue rangi dukani?"

"Mzee, nipe wiki tatu. Usipoipenda, nitaikwangua yote."

Nilijua ninachosema. Niliupaka ubao unga wa chaki na gundi ya ngozi, nikausugua mpaka ukawa laini kama ganda la yai lenyewe. Udongo mwekundu niliufuata Kyarumba, weusi nikaupata kwenye mkaa. Nikachora matawi ya kahawa yenye matunda yaliyoiva, mstari juu ya mstari.

Ijumaa, siku mbili kabla ya misa ya kuubariki, mwanamke anayesafisha kanisa aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Alitaka ung'ae. Rangi ya yai hukauka upesi, lakini kukomaa huchukua miezi. Nilipofika, upande mzima wa kushoto ulikuwa uji wa kahawia, naye analia.

"Nilisema mimi," mwenyekiti akasema.

Mikono yangu ilishajua kazi.

"Dada, usilie," nikamwambia yule mwanamke. "Niletee mayai manne."

Nilifuta mpaka kwenye weupe wa chaki, nikaanza upya. Jumamosi jioni matawi yote yalikuwa yamerudi, makavu. Rangi ya mafuta ingekuwa bado inanata.

Baada ya misa mama yangu wa Butembo aliusogelea ubao mpaka pua ikakaribia kuugusa.

"Iko muzuri," akasema. "Upande wa kushoto unapita wa kulia. Ulichora bila kuogopa."

Sikuwa nimemweleza lolote juu ya kitambaa. Nilicheka, nikamwambia yote, naye akacheka mpaka akashika ukingo wa altare.

Mwenyekiti alitusubiri mlangoni. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama mayai ya bata yanafaa, maana anao wengi na mlango wa sebule yake umechakaa. Nilimwambia yanafaa sana.