Pazia la Zambarau na Kijani

Mpelelezi wa mizimu alikuja na suti iliyonyooka, leso ya hariri, na vidole virefu visivyoweza kupita picha iliyokaa upande bila kuiweka sawa. Mjane akamweleza shida yake: kila asubuhi hukikuta kiti cha marehemu mumewe kimegeukia ukuta, naye hukirudisha kielekee dirishani. Mpelelezi alikiamkia kiti kwanza, "Shikamoo, mzee," kwa sauti ya chini kama mtu aliye maktabani, kisha akakaa kando yake, akatazama dirishani. Leso ikaenda machoni haraka. "Mama, hajakukasirikia wewe. Tatizo ni hilo pazia. Zambarau na kijani! Hata mimi ningefufuka."

Mjane akacheka mpaka machozi, mara ya kwanza tangu msiba, akalitoa. Wiki nzima kiti hakikusogea, na nyumba ikawa kimya mno, nyumba ya mtu anayeishi peke yake. Mpelelezi aliporudi kukagua kazi yake, alikuta pazia limetundikwa tena na kiti kimegeukia ukuta. Mjane akainamisha uso. Mpelelezi, ambaye hajawahi kusifia kitu kibaya hata kwa adabu, akalitazama pazia, akameza mate.

"Limependeza, mama," akasema.