Goti Langu na Samli ya Wifi

Aliyeniharibia goti namjua: ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wa pili ni mume mwenyewe, Mungu amrehemu akipenda.

Mume wangu alikuwa mpimaji wa pamba, na miaka ile kabla ya Uhuru mke mwembamba alikuwa aibu ya ukoo. Kila msimu ukiisha alinikalisha kwenye mzani wa magunia mbele ya wapagazi. Mshale ukipanda, makofi. Wifi anapiga vigelegele: "Waseme sasa kwamba kwetu kuna njaa!" Tukirudi nyumbani, mtaa wa Mabatini, wifi huyo huyo ananisimamia mpaka nimalize ugali wa samli na bakuli la maziwa.

Goti la kulia likaanza kusaga kama jiwe la mtama. Kuchuchumaa siwezi, kuinuka mpaka nishike ukuta. Nikaenda zahanati. Dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, mzee kutoka Bukoba, akalibonyeza.

"Mama, hili si la kisu. Mfupa unasaga mfupa, na mwili unalielemea. Punguza samli. Likande kwa maji moto. Kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu kumi, ushushe. Na utembee ziwani, maji yakufike kiunoni, yakubebe."

Wiki mbili tu, maumivu yakalegea. Ndipo wifi akanikuta majini.

"Unamtafuta mamba au unamtafuta dresa?" Akaenda moja kwa moja kwa kaka yake: "Mkeo anakonda kwa ajili ya mwanamume."

Akaamini, yule. Zahanati nikakatazwa, ziwa nikakatazwa, bakuli likarudi. Miaka sita. Siku ya Uhuru mtaa mzima ulikimbilia uwanjani. Mimi nilisikia ngoma nikiwa mlangoni, goti limevimba kama boga.

Mume alipokufa niliyafuata ya dresa yote, moja moja. Mwili ukapungua. Mguu haukunyooka tena, umepinda, ila unanifikisha sokoni na kunirudisha.

Mwaka jana wifi alikuja, mnene, anaegemea fimbo mbili. Nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Wifi yangu, yale ya dresa yalikuwaje? Magoti yananiua."

Nayakumbuka yote. Ningemaliza kumweleza kabla maji ya ugali hayajachemka. Nikasonga ugali, nikamwagia samli mpaka ikaelea, nikaweka na bakuli la maziwa.

"Kula kwanza, wifi. Wasije wakasema kwetu kuna njaa."

Nikamsimamia mpaka akamaliza.