Nauli ya Bure ya Nairobi

Admin, ukiweka kisa hiki ficha jina langu na hata soko ninalouzia, maana Busia ni ndogo na watu wake hawana siri. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mjane, nauza nguo za mitumba upande wa Kenya. Wateja wangu wengi wanavuka mpaka kutoka Tororo na Masafu, kule Uganda. Mzigo nautoa Nairobi, na ni miaka sasa sijui nauli ya basi ni kiasi gani.

Msinicheke. Watu wetu wakifia Nairobi huletwa nyumbani kuzikwa. Gari la mazishi likishashusha mwili na waombolezaji, linarudi Nairobi viti vitupu, nami napanda hapo. Kurudi natafuta msiba mwingine unaokuja huku, najifunga leso, naimba mapambio na wenyewe, na belo langu la nguo linakaa nyuma karibu na maua. Nairobi nalala kwa mdogo wangu, nitamwita Nekesa, aliyeolewa na fundi wa kulehemu mageti, mtu wa Osukuru kule Tororo. Siendi mikono mitupu, nawapelekea dagaa wa omena na unga wa wimbi. Walioniita mbahili nimewasikia, na walioniita bundi kwa kuandamana na maiti za watu nimewasikia pia. Lakini watoto wangu wamesoma kwa akili hiyo hiyo, na simwombi mtu radhi.

Sasa sikilizeni. Dereva mmoja wa magari hayo ya mazishi, nitamwita Wandera, tumezoeana sana. Yeye ndiye hunijulisha safari ziko lini. Majuzi alipita kibandani kwangu akaniambia, "Mathe, mwisho wa mwezi usihangaike. Kuna mwili utatoka Nairobi kwenda Osukuru. Nitakuwekea kiti."

Nikamuuliza nani amefariki.

"Bado," akasema.

Nilidhani ananitania. "Bado vipi, Wandera?"

"Si ni mgonjwa wa kungojewa tu? Bibi ya jamaa fulani. Alikuja kuniuliza mwili ukivuka mpaka unataka makaratasi gani, nikamwelezea. Akaacha kitu kidogo nimshikie gari."

Kisha, kama mtu anayesimulia habari za mvua, akaongeza kwamba jamaa mwenyewe analehemu mageti na mkono wa kushoto hana kidole cha shahada. Shemeji yangu alikatwa kidole hicho na mashine mwaka aliomwoa Nekesa. Wandera hajui kwamba huyo "bibi ya jamaa" ni tumbo moja na mimi, na sikumwambia.

Alipoondoka nikampigia Nekesa, nikamuuliza kama anaumwa. Alicheka. "Mimi? Dada, nimenenepa mpaka sketi zinanikataa. Halafu nina habari! Mzee wangu amenijengea Osukuru. Mabati yamepanda! Miaka yote hiyo nimemlilia, leo amejenga bila kuambiwa."

Wasiotoka huku kwetu niwaeleze. Mke hazikwi kwenye boma ambalo hana nyumba. Akifa kabla ya kujengewa, mume hulazimika kuinua kibanda haraka haraka mwili ukiwa mochari, na watu humcheka. Nekesa aliona mapenzi. Mimi niliona mtu asiyetaka kuchekwa.

Kesho yake nilifunga biashara nikavuka kwenda Osukuru. Nilimkuta mama mkwe wa Nekesa, mama mzee mpole ambaye sina neno naye, akanikaribisha vizuri. Nyumba ni nzuri kweli, imebaki milango tu. Akaniambia, "Nyumba ya mudogo yako hii. Mutoto yangu nasema iishe mbio mbio. Mimi najua? Mimi naona tu mafundi nakuja."

Upande wa kushoto wa nyumba mahindi yalikuwa yameng'olewa, mabichi, hata hayajatoa mbelewele. Upande wa kulia yamesimama yote. Nikauliza hapo patapandwa nini.

"Hakuna. Yeye nasema paache wazi."

Pale kwao mume huzikwa kulia mwa nyumba, na mke huzikwa kushoto. Nikaaga.

Sijamwambia Nekesa mpaka leo, na roho inaniuma. Nitaanzaje? Kwetu kutamka maziko ya mtu aliye hai ni kumwitia kifo, na mimi tayari ni bundi. Pengine ana ugonjwa ambao mume anaujua na yeye kafichwa. Pengine Wandera amechanganya watu. Nikikosea, nimevunja ndoa ya mdogo wangu na nyumba aliyoililia miaka yote. Na polisi nitawaambia nini, kwamba mtu amemjengea mkewe na kung'oa mahindi yake mwenyewe?

Nilikuwa nimeishia hapo kuandika, shemeji akanipigia. Si kawaida yake, huwa ananisalimia kupitia kwa mkewe. Sauti yake ilikuwa tamu.

"Shemeji, mama ameniambia ulifika kuona nyumba. Asante sana. Sasa safari hii njoo Nairobi mapema, ukae kae na mdogo wako. Na kurudi usihangaike na magari ya watu. Mimi nimeshapata gari. Tutarudi sote."

Nyuma yake nilimsikia Nekesa akicheka, akiuliza anaongea na nani.

Nilimwambia sawa, nitakuja. Ndugu zangu mnaosoma hapa, mdogo wangu yuko ndani na mtu huyo saa hii, anampikia chakula. Nishikeni mkono, nifanye nini? Msinijibu kesho.