Nyumba ya Maaskari Wazee wa Nyalukemba

Papa alikuwa askari, na mguu wake wa kushoto ulibaki Shabunda. Tulikulia jirani na nyumba ya maaskari wazee, pale Nyalukemba, kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Serikali iliwapa kiwanja hicho zamani, wakati hakuna tajiri aliyekitaka. Kilikuwa matope na vyura tu. Wenye miguu mizima walichimba mitaro ya maji. Papa alikaa chini akatengeneza milango. Matofali yalitoka Mumosho, na wajane wa maaskari ndio walioyabeba mgongoni kutoka barabarani.

Humo ndani hawakuzungumza sana habari za vita. Walicheza dama, wakatukanana, wakazikana. Mmoja wao alipokufa aliacha mtoto wa kiume, na wazee wakamlea wote: leo anakula kwetu, kesho kwa mwingine. Papa ndiye aliyemfundisha kupiga saluti. Akaingia jeshini, akapanda hadi kuwa kanali. Siku aliporudi Bukavu na walinzi wake, wazee walilia kwa furaha.

“Sasa tuko na mutoto mukubwa,” papa alisema. “Hakuna mutu atatugusa tena.”

Wakati huo maghorofa yalikuwa yameshaizunguka ile nyumba pande zote. Asubuhi moja kanali alikuja mwenyewe.

“Ba papa, kuko mukubwa anatoka Kinshasa. Anataka kubaona na medali zenu. Mukuje bote, hata bagonjwa.”

Maman alipiga pasi sare ya papa. Nilimsindikiza na mwavuli. Walisimama uwanjani kwa mstari, mvua ikawanyeshea, mgeni asionekane. Mchana askari mmoja akaja kuwaambia warudi makwao.

Tuliporudi, katapila ilikuwa imemaliza kazi. Viti vilikuwa vimetupwa matopeni, na majirani walikuwa wanabeba milango ya papa kwenda kuwashia moto. Kijana mwenye bunduki alilinda seng'enge mpya. Papa alimwendea.

“Mutoto yangu, hapa ni kwetu.”

“Kwenu wapi, muzee? Kama uko askari kweli, piga pompage tuone.”

Nadhani papa aliamini kwamba ingesaidia. Alinipa mkongojo, akalala kifudifudi, akaanza kujiinua kwa mikono, na medali zikaburuzika kwenye tope. Wenzake walitazama pembeni. Yule kijana alicheka mpaka akachoka.

“Inatosha. Mwende.”

Wazee walimfuata kanali nyumbani kwake. Aliwakalisha vizuri, akawapa Fanta.

“Ile nyumba ilikuwa inaoza, ba papa. Ingebaangukia. Mimi nimebaokoa.”

“Na juu ya nini ulitutosha mule ndani kwanza kwa uongo?” papa aliuliza.

“Ili musiumie.”

Alijibu kwa upole kabisa. Mpaka leo naamini hakuwa anadhihaki. Aliona kweli ametenda wema.

Kwa muda wazee walikutana sebuleni kwetu. Kisha kupanda kilima cha kwetu kukawashinda, mmoja baada ya mwingine. Papa hakuugua ugonjwa wenye jina. Aliacha kula, akaacha kunyoa ndevu, akafa.

Kanali alifika msibani na askari waliopiga risasi hewani. Alisimama mbele ya jeneza akasema, “Huyu njo alikuwa papa yangu,” na machozi yakamtoka, machozi ya kweli. Kaka yangu alitoka nje.

“Mupatie kiti,” maman aliniambia.

Nikampa kiti. Alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaomba kuongezewa. Alipoaga alishika mikono ya maman.

“Nitajenga oteli pale. Sale ya sherehe nitaipa jina ya papa.”

“Aksanti, mutoto wangu,” maman alisema.

Alitimiza. Jina la papa liko pale mlangoni mwa ukumbi, kwa taa za kijani, limekosewa herufi moja, na kila Jumamosi watu wanafungia harusi chini yake.